Wapangaji wa Nyumba ya Samaki

Jumatano, 27 Novemba

Habari mbaya. Nimeisikia chooni, kama habari zote za maana katika jengo hili. Choo kiko ghorofani, kwenye makumbusho, na ukuta wake ni mwembamba kuliko pensheni yangu. Upande wa pili Bi Evdokia, mtunza makumbusho, alikuwa kwenye simu. Anasema mwakani halmashauri ya mji haina fedha za kulisha utamaduni midomo miwili. Juu makumbusho, chini Nyumba ya Samaki. Mmoja atabaki, mwingine atafungwa. Kamati ya madiwani inakuja Alhamisi ya wiki ijayo kuona nani ana vitu vya kuonyesha, na nani ana watu wa kuvitazama. Kisha akacheka. Kicheko cha mwanamke mwenye kofia ya vita ya Kirumi kabatini.

Nyumba ya Samaki ni watu wawili na Askofu. Mimi nakata tiketi, naosha vioo, nawafokea watoto. Mkurugenzi Bilyana ana shahada mbili na koti moja. Askofu ni karpi, samaki wa mtoni. Mzee, mnene, sharubu ya kushoto imekatika, na humtazama mtu kama anayemsubiri aungame. Yupo pia kambare, ila anaishi ndani ya bomba na hajaonekana tangu Pasaka. Wengine walikufa kiangazi, pampu ilipozimika. Bilyana aliiomba halmashauri pampu mpya. Wakamletea kalenda.

Kwa hiyo tuna matangi kumi ya kioo yenye maji safi na si kingine. Tukifungwa, mimi narudi kushinda nyumbani na mke wangu Todorka, jambo ambalo hakuna kati yetu anayelitaka. Na Askofu? Mji huu uko kando ya mto Danube. Karpi asiye na kazi hapa ana anwani moja tu, nayo ni oveni.

Nitaiokoa Nyumba. Nimemwambia Todorka. Amesema nianze na soksi zangu zilizo chini ya kitanda.

Ijumaa, 29 Novemba

Mpango wa kwanza. Tangi tupu si tupu likiwa na kibao. Nimebandika vibao kumi: "Samaki huyu ni mwoga. Simama kimya." Kimoja nikaandika: "Hutoka jioni tu." Sisi hufunga saa tisa.

Akaja mwalimu na darasa zima. Wakasimama kimya. Msichana mmoja akasema amemwona. Mwenzake akasema ana madoa. Walipoondoka samaki yule alikuwa na madoa, meno na watoto wawili. Sijawahi kutoa elimu yenye matokeo kama hayo, na mimi mwenyewe shule niliiacha darasa la saba, au yenyewe iliniacha.

Bi Evdokia akashuka kunusa. Akainamia kila tangi, akavaa miwani, akavua miwani. Akasema sasa ameelewa kwa nini maji ya mji hukatika: kumbe Radoi ameyaweka kwenye maonyesho. Nikamjibu kwamba kofia yake ya Kirumi marehemu mama yangu alikuwa na moja kama hiyo, ila yeye alipikia maharage.

Bilyana aliviona vibao adhuhuri. Akasema, Babu Radoi, hii ni taasisi ya sayansi. Nikamwambia sayansi ni subira. Akanitazama tu mpaka nikavibandua mwenyewe. Nimekiacha kimoja tu, kwenye bomba la kambare. Hicho ni kweli.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimegundua wizi. Kila mgeni wangu anayepanda kwenda chooni, Bi Evdokia anamwandika kuwa ameyatembelea makumbusho. Mtu ameshika tumbo, anapita mbio, hata kofia ya Mrumi haoni, naye anamhesabu! Na kwa kuwa maji yanayotiririka humkumbusha kila mtu haja yake, wageni wangu wote ni wake.

Nimelipiza. Kulabu za makoti ziko chini, kwangu. Anayetundika koti kwenda makumbusho sasa anakata tiketi ya samaki. Profesa mmoja kutoka Plovdiv alikataa, akapanda na koti lake, akashuka anatoka jasho. Bi Evdokia aliniita mzee asiye na haya. Nikamwambia haya niliiacha ghorofani, aiandike nayo.

Jumapili, 1 Desemba

Chakula cha mchana kwa mwanyumba wangu, Mladen. Mimi na yeye tumeoa ndugu wawili, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyepata nafuu. Mladen anauza samaki sokoni. Ana mdomo unaofunguka na kufungika bila kutoa kitu, ndiyo maana samaki wanamwamini.

Leo alikuwa analalamika. Ijumaa ni Siku ya Mtakatifu Nikola, hakuna nyumba itakayokosa karpi mezani. Lori lake la karpi hai linafika Jumanne, na hodhi lake la bati limetoboka pande mbili. Awaweke wapi? Wanawake wa mji huu hawanunui karpi aliyelala. Wanataka awatazame kwanza.

Nikaweka kijiko chini. Matangi yangu kumi. Karpi wake hai. Kamati, Alhamisi asubuhi.

Nikamwambia, mwanyumba, walete kwangu. Watapanga hadi Alhamisi mchana, kamati ikishaondoka, kisha uwachukue ukauze. Akauliza yeye anapata nini. Maji ya bure, nikasema, na heshima ya kuchangia elimu ya taifa. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Hiyo kwake ni saini.

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Juu ya samaki wa kupangishwa hawakusema neno.

Jumanne, 3 Desemba

Mungu yuko upande wa utamaduni. Bilyana amekwenda Sofia kuililia wizara juu ya pampu, atarudi Alhamisi kwa treni ya asubuhi. Lori limefika, tumewapakua wapangaji. Karpi kila tangi, wanene, wanang'aa, wanageuka kama madiwani wakati wa kupiga kura.

Shida ni moja, wote ni karpi. Nikaandika vibao vipya: Karpi wa Milimani. Karpi wa Siberia. Karpi wa Upande wa Pili wa Mto, huyo ni wa Rumania. Mmoja nilimweka peke yake, nikamwita Karpi Mpweke. Ndiye mzuri kuliko wote, ana huzuni.

Askofu nimemtoa kwenye kona yake ya giza nikamweka tangi la katikati, mbele ya mlango, pamoja na wapangaji wanne, ili aonekane ana waumini. Kibao: Karpi wa Kifalme. Amekitazama kwa dharau.

Jumatano, 4 Desemba

Bi Evdokia ameshuka tena. Amezunguka matangi yote, akasimama kwa Karpi wa Siberia. Akasema, huyu namjua. Mama yake nilimla mwaka jana, alikuwa na miiba mingi.

Nikasubiri tishio. Halikuja. Alisema tu kwamba anakwenda kuisugua kofia yake, maana kesho ni kesho, na kwamba kibao kimoja kimeandikwa vibaya. Hakusema kipi. Nimevisoma vyote mara tatu. Mwanamke mkatili.

Nimemkumbusha Mladen asije na aproni. Amesema hatakuja kabla ya saa sita, ila wateja wake wasihangaike, amewaachia tangazo kibandani. Nikasema vyema. Sikuuliza limeandikwa nini. Mtu ana mengi.

Alhamisi, 5 Desemba

Liliandikwa: "Karpi wako Nyumba ya Samaki."

Nilifika kufungua saa mbili asubuhi nikakuta foleni. Ilianzia mlangoni, ikapita sanamu ya mwanajeshi, ikapinda kwenye duka la mikate. Wanawake, mabibi, waume waliotumwa, wote na mifuko. Bibi wa mbele akaniuliza kama karpi ni wa jana au wa leo. Nikamwambia ni wa sayansi. Akasema haidhuru, mradi ana mayai tumboni.

Nilitaka kuwafukuza, nyayo ziligoma. Maana wazo lilinijia pale pale: hawa ni watu. Kamati inataka watu. Nikaingia kwenye kibanda changu, nikafungua dirisha, nikaanza kukata tiketi. Walinung'unika, lakini wakalipa. Walidhani ndiyo namba ya foleni.

Kamati ikaja saa nne, watu watatu, mbele yao Mheshimiwa Diwani Dragomir, mwenyekiti wa utamaduni, mwanamume mwenye sauti kubwa na viatu vidogo. Akasimama barabarani. Akavua kofia. Alisema amekaa kwenye siasa miaka mingi na hii ndiyo foleni ya kwanza ya utamaduni anayoiona kwa macho yake. Mmoja wa wenzake akawapiga picha wananchi. Wananchi wakamwambia asijifanye mwandishi, apange foleni nyuma.

Nikawaingiza kwa mlango wa pembeni. Nikawaeleza Milima, Siberia, Rumania. Diwani akamtazama Karpi Mpweke, na nusura alie. Yote yalikwenda vizuri kwa muda wa kunywa kahawa moja.

Kisha Mladen akaja. Na aproni. Na mizani, na wavu, na nyundo ya mti. Alisema ameona watu wanaganda nje, huruma imemshinda. Bibi wa mbele akagonga kioo cha Siberia kwa pete yake: "Huyo, mwanangu. Si huyo. Huyo anayejificha. Na unitolee magamba."

Nikaiambia kamati kwamba haya ni maonyesho ya ufundi wa jadi wa uvuvi. Mladen akapiga ufundi wa jadi kichwani, akaupima, akaufunga kwenye gazeti.

Wakati huo huo Bilyana akaingia na sanduku lake kutoka stesheni. Akaona foleni. Akaona matangi. Mdomo wake ukafunguka na kufungika, kama wa mwanyumba wangu. Halafu akakaa juu ya sanduku na hakuinuka tena.

Nikasema basi, tumekwisha. Lakini Diwani Dragomir alinivuta mkono hadi nyuma ya bomba la kambare. Nilisubiri polisi. Akaninong'oneza: "Mzee wangu, mke wangu anaitwa Nikolina. Kesho ni siku ya jina lake, wageni wanajaa nyumbani, na mimi nimesahau samaki. Hawa wanauzwa kweli, au ni sayansi?"

Nikamjibu kwamba kwake yeye sayansi inaweza kusogea kidogo. Nikamgeukia Mladen, nikapaza sauti juu ya vichwa vya watu: mpe Mheshimiwa mkubwa kuliko wote. Akapewa akiwa hai, kwenye ndoo, heshima ya cheo. Wenzake wawili nao wakaondoka na magazeti yenye unyevu. Hata Bi Evdokia alishuka, ana mjukuu anayeitwa Nikola. Akasimama kwenye foleni kama raia, akakata tiketi kwangu. Ile tiketi niliikata taratibu sana.

Hadi mchana matangi yalikuwa matupu. Mladen akasafisha nyundo, akabeba mizani, akaenda. Nikaanza kuosha vioo, naimba. Nikafika tangi la katikati.

Hakuna Askofu.

Ijumaa, 6 Desemba, Siku ya Mtakatifu Nikola

Jana Mladen hakupatikana, leo nilimkimbilia kabla hajavaa suruali. Alisema samaki ni samaki, na kwamba mimi ndiye niliyewachanganya wake na wangu. Alimpa nani? Hakumbuki. Aliona mikono tu. Nikamwita jina ambalo Todorka amenikataza kuliandika hata humu.

Kisha nikafikiri. Desturi yetu iko wazi: siku ya jina hakuna mwaliko. Mlango haufungwi, mwenye jina anangoja, atakayeingia atakula. Na leo kila karpi wa mji huu yuko mezani kwa Nikola fulani. Nitaingia kila nyumba, nitazame kila kichwa. Sharubu ya kushoto imekatika. Nikimkuta, nitamzika kwa heshima. Sikujua mengine zaidi ya hayo.

Nilianza kwa Kolyo kinyozi. Karpi wake alijazwa wali, vitunguu na zabibu kavu. Sharubu zote mbili. Nikala kwa shukrani. Nikolai wa posta: sharubu zote mbili, chumvi haba. Nikola fundi bomba alitaka kujua kwa nini kila ninapopewa sahani naomba kichwa. Nikasema natafuta ule mfupa mdogo wa msalaba ulio kichwani mwa karpi, wa kuweka kwenye kofia kwa bahati. Akanipa. Kila mtu akanipa. Kofia yangu sasa inalia kama njuga. Wahenga walisema mgeni siku ya kwanza, mpe mchele na panza. Hawakumjua mgeni wa nyumba ya sita, mwenye majonzi na tumbo limejaa marafiki wa marehemu.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Bi Evdokia. Alinifungulia, akanikatia kipande kikubwa, akamimina rakia, pombe yetu kali. Akauliza macho yangu yana nini. Vitunguu, nikasema. Akasema vitunguu vimepikwa, Radoi, vilivyopikwa havilizi. Basi nikamweleza.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, kikakosekana, nikabaki nimekunja ngumi bure. Aliinuka akavaa koti. Akasema Askofu asipokuwepo, yeye atakuwa anashuka chini kumtukana nani? Mimi peke yangu simtoshi.

Tukatembea. Kila dirisha linatoa harufu ya karpi na viungo. Mbele ya nyumba ya Diwani Dragomir Bi Evdokia akasimama, akanusa kama paka. Hapa, akasema, pananuka maharage. Siku ya Nikola, kwa mke aitwaye Nikolina, maharage!

Tukaingia. Wageni wamekaa kwa adabu mbele ya maharage. Diwani amekuwa mwekundu. Bi Nikolina ana macho yaliyovimba. Nikaomba kuonyeshwa choo.

Nimekwisha sema kwamba habari zote za maana ziko chooni. Hodhi la kuogea lilikuwa limejaa maji hadi juu, na ndani yake, sharubu moja, akinitazama bila haraka, Askofu. Nilikaa ukingoni mwa hodhi. Nilimwambia mambo fulani. Hayaandikwi.

Bi Nikolina alinifuata akasema yote. Alipoinua nyundo, samaki alimtazama. Akashusha. Akainua tena, samaki akamtazama tena, naye akajikuta anaanza kusimulia. Mpaka mumewe anaingia kumwuliza kulikoni, alikuwa amekwisha kiri kwamba ni yeye aliyegonga gari la jirani mwezi wa nane. Sasa amepona moyo lakini hana samaki, na watu wa nyumba hawajaoga tangu jana.

Diwani akanishika bega. Alisema, mzee wangu, si ulimwambia mwenyewe yule jamaa anipe mkubwa kuliko wote? Ni kweli, nilisema hivyo. Nimeisoma tena jana yangu hapo juu na nimekuta nimeandika. Aliomba nimwondoe kabla mama mkwe hajatoka kanisani, maana mama mkwe hatazamwi na samaki akaungama, yeye atampika.

Nikakubali mara moja, kwa masikitiko. Nikasema tatizo ni kwamba samaki anahitaji pa kwenda, na kuanzia Jumatatu, halmashauri ikikaa, huenda hapatakuwepo. Diwani akasema Nyumba ya Samaki ina watu wengi kuliko uwanja wa mpira, nani ataifunga? Bi Evdokia akakohoa. Akasema na juu yake kuna ghorofa. Tena ile foleni ya jana, kwa baridi ile, ilipanda yote kwake chooni, na yeye aliandika kila roho.

Diwani alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama mlango wa bafu. Akasema tubebe upesi.

Tulimbeba katika beseni la kufulia, Bi Evdokia mbele, mimi nyuma, Askofu katikati akibariki njia. Tangi lilikuwa limepungua maji na ndoo zote aliondoka nazo Mladen. Bi Evdokia akapanda juu, akashuka na kofia ya Mrumi, akachota nayo. Inachota vizuri sana. Nikamwambia, si nilisema ni sufuria? Akanimwagia moja.

Jumatatu, 9 Desemba

Halmashauri imekaa. Mheshimiwa Dragomir alisoma ripoti kwa sauti kubwa: mahudhurio yasiyo na mfano, juu na chini. Taasisi mbili zenye watu wengi hivi hazifungwi, watu wataandamana. Fedha zimegawanywa nusu kwa nusu. Na pampu imepita. Bilyana ameikumbatia ile karatasi ya pampu kama mtoto mchanga.

Tiketi ni moja sasa: unalipa ghorofani kwa Bi Evdokia, unatazama kwangu, na choo ni cha wote. Ameanza kuniletea maharage mchana. Amebeba kwenye nini, siulizi.

Bilyana alisema hatauliza kilichotokea Alhamisi. Kisha akauliza. Nikamwambia. Akakaa tena. Aliponyanyuka akanitaka niape mbele ya Askofu kwamba sitaleta tena samaki wa mtu yeyote katika Nyumba hii, maisha yangu yote. Askofu alinitazama. Nikaapa, na niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumanne, 10 Desemba

Alisema samaki.

Nyuma ya makumbusho kuna ua mkubwa, majani yanaota bure. Diwani amenidokeza kwamba halmashauri ina fungu dogo la bustani ya wanyama ambalo halijaombwa na mtu. Binamu wa Mladen ana wana-kondoo, hajui pa kuwaweka majira ya kuchipua. Na mwezi wa tano ni Siku ya Mtakatifu Georgi, hakuna nyumba itakayokosa mwana-kondoo mezani. Wapangaji wa wiki moja tu, kamati ipite itazame. Vibao nimekwisha kuandika: Kondoo wa Milimani. Kondoo wa Siberia. Kondoo Mpweke.

Makosa ya mara ya kwanza nimeyatafakari sana, sitayarudia. Kondoo haingii kwenye hodhi la kuogea. Nimepima letu. Todorka amenikuta ndani yake nimevaa koti, nimepiga magoti, na utepe mkononi. Amefunga mlango taratibu, nimemsikia anapiga simu kwa dada yake.